Mlango Uliofungwa Mchana

Kwetu Voi duka la Mswahili halikufungwa mchana ila kwa jambo moja. Ijumaa mlango ulirudishwa nusu watu wakaenda kuswali, na jeneza likipita barabarani ulirudishwa nusu vile vile, kwa heshima. Lakini ukiona mlango umefungwa kabisa saa nne asubuhi, siku ya kazi, hukuuliza. Ulirudi kwako ukavaa kofia au ukajitanda buibui, ukaja kutoa pole. Niliijua desturi hiyo tangu utotoni. Ndiyo maana mpaka leo najikasirikia nikikumbuka kwamba ni mimi niliyeufunga mlango wa duka la baba, siku baada ya siku, na baba yu hai ndani.

Baba aliuza leso, vikoi, mabuibui na majora ya kitambaa. Duka lilikuwa la mawe, kuta zake nene kama urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na juu lilimwagwa zege. Nyuma palikuwa na stoo isiyo na dirisha. Nyumba yetu ya kulala, upande wa pili wa soko, ilikuwa ya matofali membamba na mabati. Anayeijua Voi anajua maana ya mabati mwezi wa Februari. Saa nane mchana hata paka wetu alitukimbia, akaenda kulala chini ya tangi la maji.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mwaka wa El Niño tulikuwa tumelia maji, na sasa tulilia jua. Vuli haikunyesha ya maana, mabwawa yalikauka huko yanakokaa, na umeme ukaanza kugawiwa kama chakula cha msaada. Upande wetu ulikatwa alfajiri ukarudi magharibi. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, nimerudi kwetu kungoja kazi ambayo serikali haikuwa na haraka ya kunipa. Mama alisema nilizaliwa nimekunja uso. Basi mwaka ule nilipata sababu.

Baba aliumwa moyo. Miguu ilimvimba, pumzi zikawa fupi, usiku akalala ameegemea mito mitatu. Daktari wa Mombasa alimpa vidonge, akamkataza chumvi, kisha akamvuta mama pembeni nami nikajisogeza nisikie. Alisema moyo ule umechoka, na joto litauchosha kuliko maradhi yenyewe. Mumweke mahali pa baridi, alisema. Mkimfikisha masika, hali ya hewa ikageuka, mtapata nafasi ya kupumua nyote. Tulirudi Voi na neno hilo moja, masika, na sikuwa na haja nyingine duniani ila kumfikisha baba huko.

Lakini baridi utaitoa wapi Voi, mchana, bila umeme? Siku za mwanzo nilimpepea kwa kifuniko cha boksi. Nilimlowesha kichwa kwa kitambaa. Alikaa kitini mdomo wazi, macho kwenye mabati, nami nilimtazama nikaona wazi kwamba kwa mwendo ule hatutafika masika, hata mwisho wa mwezi hatuuoni. Niliingiwa na hofu ambayo sikuwahi kuijua. Niliogopa nikawa mkali kwa kila mtu, hata kwake.

Dukani kulikuwa na mashine ya baridi. Kaka yangu, aliyekuwa fundi wa mitambo hotelini huko pwani, aliipata hoteli moja ilipokuwa ikifungwa, akaja kuitobolea tundu ukutani ili wateja wa kike wapate raha wakikawia. Baba hakuipenda. Alisema inapuliza baridi mbele na joto nyuma, kama mnafiki. Wakati wa mgao ilikaa kimya mchana kutwa, wakati ule ule tulipoihitaji, na usiku ilipoweza kufanya kazi duka lilikuwa tupu.

Ni baba mwenyewe aliyeyaunganisha mambo hayo mawili. Ujanani alikuwa mchukuzi katika kiwanda cha barafu Mombasa, akibeba mapande ya barafu yaliyofunikwa unga wa mbao na magunia. Jioni moja, kati ya pumzi na pumzi, aliniita.

"Mwanangu, baridi haitengenezwi mchana," alisema. "Hutengenezwa usiku. Mchana hulindwa."

Kesho yake tulimhamishia stoo ya duka, na kitanda chake cha kamba.

Kazi ilikuwa hivi. Magharibi umeme uliporudi, niliwasha mashine na kuiacha ingurume mpaka alfajiri. Kabla ya hapo mama na mimi tuliyaondoa majora yote yaliyopangwa kutani, tukayarundika katikati ya duka, kwa sababu baba alisema kitambaa kinazuia baridi isiingie kwenye jiwe, na tunalolitaka ni jiwe. Jiwe likishapoa, alisema, litatutunza. Mwadhini alipoadhini tulifungua mlango kidogo tupate hewa mpya ya nje, ambayo saa hiyo haikuwa mbaya. Kisha, kabla jua halijagusa paa la jirani, tulifunga. Tulitia komeo. Tulitundika majora mlangoni na kwenye ukuta wa magharibi, tabaka juu ya tabaka, tukaziba matundu ya hewa kwa vipande vya khaki, tukabakisha kidirisha kimoja kidogo cha pembeni nilichoweza kukifungua na kukifunga upesi. Mchana kutwa hatukuwasha hata jiko. Chai ililetwa kwa chupa.

Saa nane ile siku ya kwanza nilitia mkono ukutani. Jiwe lilikuwa baridi. Nje barabara ilikuwa inatetemeka kwa joto, na mle ndani baba alikuwa amejifunika shuka, analala, mdomo umefungwa. Niliingia nyuma ya rundo la majora nikalia kwa furaha, kimya, ili mama asinione.

Ila tulikuwa tumesahau mlango unasema nini. Saa nne asubuhi hiyo hiyo fundi wa cherehani wa ng'ambo ya barabara aliona mlango umefungwa, akaondoka kwenye cherehani yake, akarudi na kofia na kanzu. Muuza makaa akamfuata. Wanawake wawili wa mtaa wetu walikuja na sukari na majani ya chai. Nilipofungua kidirisha kuona zogo ni la nini, nilikuta wanaume wamekaa barazani vichwa chini, na mmoja ameshauliza kaburi litachimbwa saa ngapi. Mama akatoa uso, akauliza kwa hofu nani amefariki. Wale wanawake wakatazamana. Wakamwuliza yeye.

Mama alikasirika siku nzima. Alisema kumlilia mtu aliye hai ni kumchulia, na uchuro hauna dawa. Baba alicheka mpaka akakohoa. Alitaka kujua nani na nani wamekuja, nami nikamtajia mmoja mmoja. Alimwulizia pia jirani yake wa duka la pembeni, rafiki wa miaka mingi. Nikamwambia huyo hakuja. Baba akasema basi siku yake yeye ikifika kweli, tusimngoje jirani.

Ili yasijirudie nilichukua kifuniko cha boksi nikaandika kwa wino mzito: DUKA LIKO WAZI. BISHA DIRISHANI. HAKUNA MSIBA. Mama hakutaka neno la mwisho liandikwe mlangoni. Mimi nilishupaa. Nilisema watu wakisoma mawili ya kwanza tu hawataamini. Nilikigongomelea kile kibao kwa misumari minne, kana kwamba kingeweza kutoroka.

Aliyetusaidia zaidi ya kibao ni mama mmoja kutoka mlima wa Sagalla aliyeuza mboga kwenye baraza yetu. Alikuwa hapo tangu mimi nasoma shule ya msingi. Hakujua kusoma, lakini alimwambia mgeni yeyote aliyesimama kuushangaa mlango kwamba hapa hakuna kilio, ni baridi tu imefungiwa. Asubuhi alinibishia kidirisha kabla ya kutandaza gunia lake, akauliza mzee ameamkaje. Nami nilimwuliza kama huko mlimani kuna wingu. Hakukuwa na wingu. Alinisimulia jinsi maji yalivyokatika, jinsi tembo walivyotoka mbugani kule chini wakafuata hata migomba iliyokauka. Siku nyingine alinipa kitunguu kimoja bure, na mimi kwa wasiwasi wangu sikukumbuka kusema ahsante.

Biashara kupitia kidirisha ilikuwa kichekesho. Leso huchaguliwa kwa macho, na mle ndani palikuwa na giza la stoo. Niliuza leso ya samawati nikisema ni kijani. Mwalimu mmoja alirudisha kikoi mara mbili, na mara ya pili nikamrudishia kile kile cha kwanza, akakipokea akashukuru. Wengi walichoka wakaenda kwa jirani. Sikujali. Kila nilipofungua kidirisha nilihisi joto likinipita ubavuni kuingia ndani, nami nilimchukia mteja aliyekuwa akipapasa ncha ya kitambaa na kuuliza kama kinachuja. Ningeweza ningemwambia nunua uende zako, kuna mtu anapumua humu.

Februari ikaisha. Machi ikaanza. Masjala ya mawingu tuliiweka vichwani: kulikuwa na wingu upande wa mlima Kasigau Jumanne, likatoweka Jumatano. Waislamu walikwenda uwanjani kuswali sala ya kuomba mvua, na makanisa nayo yaliomba kwa namna yao. Mimi niliomba vibaya. Niliomba kama mtu anayegomba. Nilimwambia Mungu kwamba sihitaji mahindi, sihitaji bwawa lijae, nahitaji mawingu tu, yakae juu ya duka hili, mtu huyu apumue.

Kuta zilianza kuchoka. Joto la usiku lenyewe lilikuwa limepanda, na kila asubuhi jiwe lilipoa kidogo kuliko jana yake. Zamani lilitufikisha alasiri, kisha likatufikisha adhuhuri tu. Nilijua kwa kiganja changu. Nilizunguka duka mara kwa mara nikizipapasa kuta, na mama akaniambia niache, namtia baba wasiwasi. Baba alinitazama kutoka kitandani. Nadhani alikuwa akihesabu kama mimi.

Halafu umeme wa usiku nao ukakatika. Watu walisema transfoma imeungua, na fundi atatoka Mombasa. Usiku wa kwanza tulifungua milango yote miwili na matundu yote, tukalowesha magunia tukayatundika pale upepo unapopita. Maji tuliyanunua kwa mkokoteni, machafu, nami niliyamwaga sakafuni kana kwamba ni ya bure. Usiku wa pili tulifanya vile vile, na upepo haukuja kabisa. Nilikwenda ofisi ya umeme asubuhi nikasimama kwenye foleni. Zamu yangu ilipofika, nilifoka nikasahau hata nilichokuja kuuliza. Yule karani alingoja nimalize, akaniambia kwa upole kwamba hata kwake hakuna.

Siku ya tatu mama wa mboga hakuja. Tembo walikuwa wameingia shambani kwake, tulisikia baadaye. Saa nne ilisimama nje pikapu yenye wanawake kumi hivi kutoka Taveta, familia ya Kiislamu, wamekuja kununua leso za harusi. Walitaka kisutu, ile leso ya bi harusi, na doti za leso za kawaida za kugawia mashangazi. Niliwapitishia kidirishani moja moja. Shangazi mkubwa, mwanamke wa sauti, alikiinua kisutu juani akakuta si kile alichokitaka, akauliza ni biashara gani hii ya kuuziana gizani kama wezi.

Baba alisikia. Nilimsikia akigeuka kitandani.

"Wafungulie," alisema.

Nilimwambia baba, joto. Nilimwambia watakwenda kwa jirani, waende, harusi haitavunjika. Nilisema umeme huenda ukarudi leo, tulinde hiki kidogo kilichobaki. Alingoja nimalize kama yule karani.

"Kisutu hakichaguliwi gizani, mwanangu. Na mimi bado ni mwenye duka."

Mama alishaanza kuyashusha majora. Nikatoa komeo. Nilifungua mbao zote mbili za mlango, na mwanga ukaingia ambao hatukuuona mle ndani tangu tulipofunga. Mavumbi yalionekana. Rangi zote zilionekana, nyekundu, manjano, zambarau, na mimi mwenyewe nilishtuka kwamba tulikuwa tumekaa nazo muda wote ule. Baba alitaka asogezwe. Tukambeba na kiti hadi mlango wa stoo, na kutoka hapo akawa anaelekeza: ile ya tatu kutoka chini, si hiyo, iliyo chini yake, hiyo pindo lake limenyooka, hiyo haitachuja. Alimwita bi harusi karibu, msichana mwenye aibu, akamwonyesha kwa kidole jinsi ya kutazama pindo. Yule shangazi wa sauti alikaa chini akawa mpole. Walikaa zaidi ya saa nzima. Baba alikuwa na furaha, nasema kweli, na mimi nilisimama mlangoni nimetandaza mikono kama mjinga, kana kwamba mwili wangu ungezuia joto lisipite.

Walipoondoka nilitia mkono ukutani. Jiwe lilikuwa vuguvugu. Nikafunga, nikatia komeo, nikatundika majora upya, yote, na nilijua ninafungia joto ndani.

Usiku huo hatukulala, na umeme haukurudi. Baba hakuweza kulala chali wala kuegemea. Alikaa ameinama mbele, mikono magotini. Kaka alipigiwa simu pwani, akasema anatoka na basi la asubuhi. Alfajiri tulifunga kama kawaida, kwa kuwa hatukujua lingine la kufanya. Nilimpepea kwa kifuniko cha boksi, kama mwanzo. Karibu na adhuhuri aliuliza kama kuna wingu. Nikasema lipo. Alikuwa amenikataza kumwambia mteja uongo, maisha yangu yote, na nadhani aliujua ule kuwa uongo, maana alinishika kidole akakiminya kidogo. Kisha hakuminya tena.

Mama alimfumba macho, akamsomea. Mimi nilikuwa bado napepea. Aliniambia niache, nikaendelea. Akakitoa kile kifuniko mkononi mwangu, akaniambia nikafungue mlango, watu waitwe.

Nikaenda mpaka mlangoni nikasimama nimeshika komeo. Sikuweza. Wiki zote zile mkono wangu ulijifunza kitu kimoja, kwamba ukifungua mlango huu mchana unamwua baba, na sasa haukunisikia. Nilimwambia mama joto litaingia. Niliyasema maneno hayo, kwa sauti, na baba amelala pale. Mama alikuja akaweka mkono wake juu ya wangu, tukalitoa komeo pamoja.

Mlango ulifunguka wote. Jua lilikuwa kali, barabara nyeupe, hakuna wingu popote. Nilikodoa macho. Fundi wa cherehani aliinua kichwa ng'ambo ya barabara, akaniona, akanipungia mkono akitabasamu. Muuza makaa akasimama naye akatabasamu. Sikuelewa. Watu wawili waliokuwa wakipita walitazama ndani, wakatazama kibao changu, HAKUNA MSIBA, wakaendelea na safari yao.

Mama wa mboga alikuwa amerudi kutoka Sagalla asubuhi ile. Alikuwa ameketi nyuma ya gunia lake na mafungu machache ya mchicha, ambayo tembo walimbakishia. Alipouona mlango wazi mchana ule aliinuka kwa shida, akapangusa mikono kwenye leso yake, uso wote umechangamka.

"Mmefungua hii mlango!" alisema. "Asante Mungu. Kwani mzee amepona?"

Niling'oa kibao, msumari mmoja ukanichana kiganja. Nilifikiri nifunge tena mlango, nitie komeo, watu waone kama zamani na waje wenyewe bila kuambiwa. Lakini mlango wetu ukifungwa sasa ulisema baridi, na ukifunguliwa ulisema amepona, na ni mimi niliyeufundisha mji kusoma hivyo. Yeye alikuwa bado ananitazama, anangoja, tabasamu halijamtoka. Ilibidi niseme kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikamwambia.